Magofu ya Wainka: Urithi wa Nani, Pato la Nani?

Mnamo Septemba 2025 njia ya reli iendayo Machu Picchu, katika nchi ya Peru, ilizibwa kwa mawe na magogo. Watalii zaidi ya elfu moja ikabidi wahamishwe, na wengine wakakwama katika kijiji kilicho chini ya magofu hayo. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mabasi. Kampuni iliyokuwa ikiwapandisha wageni mlimani kwa miaka 30 ilikuwa imemaliza mkataba wake, na wakazi walidai kwamba njia iliyotumiwa kumpata mwingine haikuwa ya haki. Kabla ya hapo, Januari 2024, watu wa huko huko waligoma kwa siku kadhaa, na mara hiyo sababu ilikuwa tikiti. Serikali ilikuwa imeipa kampuni ya binafsi kazi ya kuuza tikiti za kuingilia. Mwishowe ikabidi ikubali kuuvunja mkataba huo.

Aliye mbali huenda akasema kwamba haya ni magomvi ya mabasi na tikiti, hayatuhusu ndewe wala sikio. Walakini ukiyatazama vizuri, msomaji, utaona kuwa chini yake mna swali moja kubwa: watu wakirithi kitu kutoka kwa wazee wao, kisha dunia nzima ikaja kukitazama na kulipa, ufunguo wa lango uwe mkononi mwa nani? Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika milima ya Peru wageni wamekuja kweli kweli. Hebu tuifuate safari yao, kituo baada ya kituo, tuone mwenyeji apona wapi na wapi haponi.

Mji wa Cusco

Safari za kuongozwa katika nchi ya Wainka huanzia Cusco. Mgeni hupanda ndege Lima, mji ulio ufuoni mwa bahari, na baada ya saa moja na kitu hushuka mahali palipo mita 3,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Mtu wa pwani atapanda ngazi kumi za hoteli na pumzi zimwishe. Kichwa kitamgonga na chakula kitamkinai. Kwa hiyo kiongozi mwenye akili huwapumzisha watu wake siku moja au mbili kabla ya kuwapeleka popote.

Cusco ndio uliokuwa mji mkuu wa dola ya Wainka, dola ambayo katika karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16 ilienea kutoka nchi iitwayo leo Kolombia hadi Chile na Ajentina. Barabara zake, pamoja na matawi yake, zilipita kilomita 30,000, na mwaka 2014 UNESCO ilizitia katika orodha ya urithi wa dunia kwa ombi la nchi sita. Waashi wao hawakutumia chokaa wala saruji. Walichonga mawe makubwa yakaingiana hata wembe haupiti. Sisi tuliozoea nyumba za matumbawe na chokaa tutastaajabu kusikia kwamba tetemeko la mwaka 1950 lilipoubomoa sehemu kubwa ya utawa wa Santo Domingo, uliojengwa na Wahispania juu ya hekalu la Qorikancha, kuta za Wainka zilizokuwa chini yake zilibaki zimesimama.

Hao Wahispania walikuja na macho ya vita walivyotoka navyo kwao. Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu katika Hispania, ulianguka mwaka 1492. Miaka 40 tu baadaye, Novemba 1532, Francisco Pizarro alimteka mfalme Atahualpa huko Cajamarca. Akachukua fidia ya chumba kilichojazwa dhahabu, na mwaka uliofuata akamwua. Ndugu yake, Hernando Pizarro, alipoandika habari za hekalu la Pachacamac mwaka 1533, aliliita "mezquita", yaani msikiti. Hekalu hilo halikuwa la Waislamu. Lakini kwa askari yule, nyumba yoyote ya ibada isiyokuwa yake ilikuwa msikiti, na msikiti ni kitu cha kutekwa. Nasi tusisahau kwamba katika zama hizo hizo, mwaka 1505, Wareno waliutia moto mji wa Mombasa. Msiba wao na msiba wetu ulitoka katika rasi moja ya Ulaya.

Bonde la mto Urubamba

Kutoka Cusco wageni huteremshwa bondeni, na hapa ndipo palipo mafunzo mengi. Ollantaytambo ni mji ambao wenyeji wangali wanakaa katika mitaa iliyopimwa na Wainka, na maji yanapita katika mifereji ile ile kando ya vichochoro. Huko Maras mna mashimo ya chumvi yapatayo elfu kadhaa, yamepangwa ubavuni mwa mlima kama ngazi. Watu wa Gongoni na Marereni wanaijua kazi ya chumvi ilivyo ngumu. Tofauti ni kwamba kule Maras kila shimo lina mwenyewe, ni mali ya jamaa za vijiji vya hapo, na wao ndio wanaotoza kiingilio. Mwaka 2019 walipoona kuwa wageni wanaichafua chumvi kwa miguu yao, waliwazuia kutembea kati ya mashimo. Wageni hawakuacha kuja kwa hilo. Wanatazama kwa mbali na wanalipa vile vile.

Juu ya bonde, katika uwanda wa Chinchero, uwanja mpya wa ndege unajengwa. Wanavyuoni wa mambo ya kale waliupinga sana mwaka 2019, wakihofia mashamba ya ngazi ya Wainka na maji ya bonde. Lakini wenyeji wenyewe hawana kauli moja. Wako waliouza ardhi yao kwa furaha wakitarajia kazi, na wako wanaoogopa kwamba ndege zitamleta mgeni asubuhi na kumwondoa jioni, asilale wala kula kwao. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Mgeni wa mbio huacha taka nyingi na fedha haba.

Reli na wapagazi

Machu Picchu hakuna barabara ya gari itokayo Cusco hadi mlangoni. Wengi huenda kwa gari la moshi mpaka kijiji kilicho chini, kisha hupanda basi. Tangu mwaka 1999 reli hiyo imo mikononi mwa makampuni ya binafsi. Kuna gari la wenyeji kwa nauli nafuu na magari ya watalii kwa nauli kubwa, na manung'uniko juu ya nafasi za wenyeji hayajakoma. Kwa hiyo anayeshika reli, basi na tikiti ameshika koo la mkoa mzima. Ndiyo maana watu wakikasirika hawaendi kupiga kelele mbele ya ofisi, bali hulala juu ya reli.

Njia ya pili ni kwa miguu: siku nne, kilomita 43 hivi, juu ya barabara ya mawe ya Wainka. Hupanda hadi mita 4,200 na ushei kabla ya kuteremka kwenye magofu. Hairuhusiwi kuipita bila kiongozi mwenye kibali. Watu wasiozidi 500 ndio wanaoruhusiwa kuianza kwa siku, na kila Februari njia hufungwa ipate kupumzika na kutengenezwa. Katika watu hao 500, zaidi ya nusu si watalii. Ni viongozi, wapishi na wapagazi.

Neno mpagazi si geni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Mombasa kwenda bara ilibebwa mabegani mwa watu, na majina ya wenye mali ndiyo yaliyoandikwa vitabuni. Wapagazi wa Peru ni wakulima wasemao Kikechua, lugha ya Wainka wenyewe, wanaoacha mashamba yao ya viazi na mahindi kwenda kubeba mahema, majiko na viti vya wageni. Zamani mtu mmoja alipakiwa mzigo uliomshinda punda, akalala nje baridini, akala mabaki. Mwaka 2001 ilitungwa sheria kwamba mzigo usizidi kilo 20, yaani kama frasila moja na robo, na mwanzoni mwa njia mizigo hupimwa kwa mzani. Mwaka 2022 ikaja sheria nyingine ya kazi hiyo. Malalamiko ya ujira bado yapo, na sheria peke yake haimvishi mtu viatu. Hata hivyo mzani ni kitu kikubwa. Kabla ya mzani, mgongo wa mpagazi haukuwa na hesabu.

Jiji lililoitwa limepotea

Kisha ndipo mgeni hufika Machu Picchu, mita 2,430 juu ya bahari, makao yaliyojengwa katikati ya karne ya 15 zama za mfalme Pachacuti. Vitabu vingi vimesema kwamba jiji hilo lilipotea, likagunduliwa mwaka 1911 na Hiram Bingham wa Chuo Kikuu cha Yale. Ukweli ni kwamba Bingham aliongozwa na mkulima wa hapo, Melchor Arteaga, na alipofika juu alikuta jamaa za wakulima wanalima kwenye matuta yale ya kale. Hata jina la mwenyeji mwingine, Agustín Lizárraga, lilikuwa limeandikwa ukutani tangu 1902. Kitu kinacholimwa hakikupotea. Kilikuwa hakijajulikana na wenye magazeti.

Bingham alisafirisha maelfu ya vitu na vipande vya vitu kwenda Marekani. Peru ilidai karibu karne nzima, ikafika mahakamani mwaka 2008, na baada ya mapatano vikarejeshwa kati ya 2011 na 2012. Leo vinaonyeshwa Cusco, chini ya chuo kikuu cha mji huo. Haki ilichelewa, lakini ilidaiwa na watu walioweka kumbukumbu na hawakuchoka.

Siku hizi idadi ya wanaoingia Machu Picchu imewekwa kuwa 4,500 kwa siku, na 5,600 katika siku za msimu. Wako wanaosema ni wengi mno kwa mawe hayo, na wako wenye hoteli wanaosema ni wachache mno. Mabishano hayo ndiyo yaliyoifanya tikiti kuwa mali yenye kugombewa, na ugomvi wa tikiti ndio uliozaa mgomo wa 2024.

Nyasi na rangi za mlima

Mahali viwili vyaonyesha mlango mwingine wa mambo. Cha kwanza ni daraja la Q'eswachaka, juu ya mto Apurímac. Limesukwa kwa nyasi tupu, na kila Juni watu wa vijiji vinne hulikata la zamani na kusuka jipya, kila nyumba ikileta fungu lake la kamba. Babu zetu waliounda mitepe walishona mbao kwa kamba za makumbi, wangeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwazuia kulisuka, na Machi 2021 daraja likaanguka mtoni. Juni hiyo hiyo wakalisuka upya. Nyasi hazidumu, na kila mwaka kijana hupaswa kujifunza kwa mzee. Mashindano ya zabuni hayana nafasi hapo, kwa kuwa hakuna kampuni iwezayo kukusanya vijiji vinne kwa mapenzi.

Cha pili ni Vinicunca, mlima wa rangi za upinde wa mvua, mita zaidi ya 5,000, yaani juu kuliko kilele cha Lenana katika Mlima Kenya. Wageni walianza kumiminika huko miaka kumi hivi iliyopita tu. Wachunga alpaka wa hapo wenyewe waliweka lango, wakatoza kiingilio na kukodisha farasi. Vijana waliokwenda mijini wakaanza kurudi. Lakini tusipake asali: sehemu ya kinamasi ilifanywa uwanja wa magari, njia imemomonyoka, na jirani kwa jirani wamegombana juu ya mpaka na mapato. Kushika ufunguo hakumfanyi mtu malaika. Humpa nafasi ya kukosea na kusahihisha nyumbani kwake.

Mwislamu atakayejaaliwa kwenda huko na ajue mambo machache. Chicha ni kileo cha mahindi, ila chicha morada, ya mahindi ya zambarau, haichachishwi. Majani ya koka hutolewa kama chai ya kutuliza kichwa. Ni halali kwa sheria ya Peru, lakini kuyabeba kurudi nayo ni kujitafutia balaa forodhani. Kuna pia matambiko ya ardhi ambayo baadhi ya viongozi huwaonyesha wageni. Kukataa kwa adabu hakumchukizi mtu. Na viazi mbatata vilivyo katika viazi karai vyetu, asili yake ni milima hiyo. Akikuta mamia ya aina zake sokoni, asishangae.

Sisi nasi tuna malango

Haya yote yana maana kwetu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, kaya za Wamijikenda mwaka 2008, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na magofu ya Gede mwaka 2024. Kila jina likiingia katika orodha hiyo, thamani ya mahali hupanda. Thamani ikipanda, hujitokeza wa kuuza tikiti, wa kuleta magari na wa kununua nyumba. Hakuna ubaya katika biashara. Ubaya ni wenyeji kuusoma mkataba siku unapokwisha, kama ilivyotokea kule Peru, ambako watu walifahamu uzito wa basi baada ya miaka 30.

Maras walipima wakaweka mpaka. Wapagazi walipata mzani. Cusco ilidai vitu vyake vikarudi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokana na wema wa mgeni, kwani mgeni hulipa anachoambiwa alipe na hupita anapoonyeshwa. Mwenyeji hapati kupona kwa kuja kwa mgeni tu. Hupona akiwa yeye ndiye aliyemfungulia mlango.