Acheni Kutuambia Tusome kwa Bidii, Tufundisheni Kusoma

Kabla mtu aniulize, "Wewe uliyetoka chuo mwaka wa tatu unajua nini kuhusu kusoma?", nilikaa kwa madarasa ya sosholojia muda wa kutosha kujua kinachoendelea mle ndani. Karo ndiyo ilinitoa, si masomo. Sasa twende.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na ile yuniti ya mawasiliano ambayo kila komredi hufanya, hata kama anasomea kilimo. Humo ndimo eti tulifundishwa mbinu za kusoma. Tukapewa SQ3R, mbinu ya Mmarekani Francis Robinson kutoka kitabu chake cha 1946: pitia maandishi juu juu, jiulize maswali, soma, jisimulie ulichosoma, kisha rudia. Mbinu poa kabisa. Lakini ilikuja kwa handauti ya kurasa mbili kutoka kwa msee wa fotokopi pale geti, tukaikariri, na mtihani ukauliza: taja hatua tano za SQ3R. Basi. Hakuna siku hata moja tulipewa maandishi tukaambiwa haya, yapitieni hivyo tuone. Huko ni kufundishwa kuogelea ubaoni.

Alafu mnashangaa mbona watu wanaingia na mwakenya.

Chukua Durkheim. Kitabu chake kuhusu kujiua kilitoka 1897. Amsha mwanafunzi wa sosholojia saa tisa usiku, atakutajia aina zote nne za kujiua bila kufungua macho. Sasa muulize Durkheim alikuwa anabishana na nani. Kimya. Na ubishi ndio kitabu chenyewe! Sehemu ya kwanza mzee anapangua majibu ya wengine moja baada ya jingine: wazimu, kurithi, hali ya hewa, watu kuigana. Akishamaliza hayo ndipo anakuja kwa jamii. Na ile aina ya nne, ya mtu aliyebanwa na sheria mpaka hana pumzi? Mwenyewe aliiweka kwa tanbihi, chini ya ukurasa. Lakini kwa handauti zote nne ziko kwa mistari minne iliyolingana, kama bei za vyakula kwa ukuta wa kibanda. Huwezi jua ipi aliipigania na ipi aliigusa tu akipita.

Kusoma sosholojia ni kufuata ugomvi. Nani anasema nini, dhidi ya nani, ushahidi ni upi. Hiyo haiji kwa kukesha na kahawa, mtu lazima akuonyeshe.

Na si ati hakuna walioandika jinsi ya kufanya hii kazi. C. Wright Mills, kwa kitabu chake cha 1959, The Sociological Imagination, ameweka nyongeza nzima mwishoni kuhusu namna mwanasosholojia anavyofanya kazi. Anakwambia uweke faili: ulichosoma, ulichosikia, wazo lililokujia njiani, na maisha yako mwenyewe humo humo. Hebu fikiria mwanafunzi wa Kayole mwenye faili kama hiyo. Makanga anapandisha nauli mvua ikinyesha na hakuna abiria anayebisha, andika. Chama cha mamako kinamtoza faini aliyechelewa lakini mwenyekiti akichelewa wanamngoja, andika. Wiki ijayo ukifika kwa Weber na mamlaka, tayari una kitu mkononi. Tulifundishwa Mills, ndio. Tuliulizwa tarehe ya kitabu.

Najua jibu la wahadhiri. Darasa lina watu mia tatu, mshahara unachelewa, migomo kila saa. Hapo sibishi, mnaonewa. Lakini kusoma kurasa tatu pamoja kwa lisaa limoja hakuhitaji projekta wala bajeti. Kunahitaji tu uache kusoma zile slaidi kwa sauti.

Kinachoniuma ni nani anaumia. Mtoto aliyekulia kwa nyumba yenye vitabu, mama mwalimu, baba wakili, ameshafunzwa kusoma mezani kwao. Yule wa kwanza kufika chuo kwa ukoo wao anaambiwa "jitume". Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron waliandika hivyo hivyo kuhusu vyuo vya Ufaransa mwaka wa 1964: chuo kinampa mtu alama kwa kile alichotoka nacho nyumbani, kisha kinakiita kipaji. Idara zetu zinamfundisha huyo Bourdieu. Kwa handauti! Na yule wa kwanza kwao akianguka anaitwa mvivu, huku mkopo wa HELB ukiendelea kumngoja, maana haujali kama ulimaliza.

Kwa hivyo, lekchara wa sosholojia unayesoma hii: Jumatatu wacha slaidi nyumbani. Peleka kurasa tatu za Durkheim mwenyewe, si za kumhusu, na uulize darasa swali moja tu: huyu mzee amekasirikia nani?