Mbona Mmoja Ataka Kucheka na Mwenzake Ataka Kulia?

Jambo hili tulilishuhudia Lweba, pwani ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Fizi.

Ilikuwa usiku wa mbalamwezi. Wavuvi wa ndagala hawakwenda ziwani, maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti samaki. Basi watu wakajaa katika nyumba ya video. Mwenye nyumba akauliza: “Mwataka nini leo?” Mzee mmoja akaomba mchezo wa kuchekesha wa King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018. Akina mama wakataka mchezo wa majonzi wa Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012. Vijana wakapiga kelele: “Vita! Vita!” Kwa kuwa vijana walikuwa wengi, vita ikashinda.

Bunduki ya kwanza ilipolia, yule mzee aliinuka akatoka. Mwanawe akamcheka mbele ya wenzake: “Baba, mbona waogopa picha?” Nasi tulitoka, tukamfuata mzee, tukampa pole. Akatujibu kwa upole: “Sinema hiyo nimekwisha kuitazama, tena bila kulipa.”

Tukanyamaza, maana tulielewa. Mwisho wa mwaka 1998 watu wengi, wanawake na watoto pamoja nao, waliuawa Makobola, kwenye barabara iendayo Uvira. Jamaa nyingi za Fizi zilivuka ziwa katika miaka ile ya vita, zikaishi Kigoma katika kambi ya Nyarugusu. Aliyeponea chupuchupu namna ile, akiomba kucheka kidogo jioni, nani atamwita mwoga?

Lakini akina mama nao waliyaona mambo yale yale. Mbona wao watafuta machozi? Mtaalamu Dolf Zillmann alifundisha huko Marekani, mwaka 1988, kwamba mtu huchagua burudani kwa kadiri ya hali ya moyo wake: aliyechoka hutaka kutulizwa, aliyechoshwa na ukimya hutaka kusisimuliwa. Neno hili lina ukweli, lakini halitoshi. Mwenye huzuni mara nyingi huimba wimbo wa huzuni, akapata nafuu. Mama aliyezika watoto wake safarini, pasipo nafasi ya kukaa matanga, hulia leo kwa ajili ya mtu wa sinema, na machozi yale huwafikia wake mwenyewe.

Tena kicheko na kilio si adui. Waliokaa Tanzania wamewaona watani msibani: jamaa walia, mtani aigiza mwendo wa marehemu, na wafiwa hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hata hadithi zetu za Sungura na Fisi, tuzichekazo sana, ndani yake mna njaa, hila na mauti.

Kuna Mwafrika mmoja aliyelitafakari jambo hili kabla yetu sote. Ndiye Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354. Alipokuwa kijana mwanafunzi huko Karthago alipenda mno michezo ya kuhuzunisha. Baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, alijiuliza: kwa nini mtu hufurahi kuhuzunishwa na mateso ambayo yeye mwenyewe hangependa yampate? Akaona hatari yake: mtazamaji haitwi kumsaidia mteswa, huitwa kusikitika tu.

Basi kipimo ndicho hiki: tusiulize tu kama mchezo ni wa kicheko au wa giza, tuulize umetuacha na moyo gani. Mchezo wa majonzi ukikutuma kesho kumpelekea mjane unga, umekufaa. Kicheko kikikupa nguvu ya kuamka na kulima, kimekufaa. Lakini kicheko kinachomdharau kilema, au vita inayomfundisha kijana kwamba kuua ni mchezo, hiyo ni sumu, hasa katika nchi ambamo wenye bunduki hawakukoma kutafuta vijana.

Na yule kijana je? Tusimhukumu upesi. Yeye alizaliwa baada ya mambo yale. Nyumbani aona baba akishtuka mlango ukigongwa usiku, wala hapati kuambiwa sababu. Kijana hutaka kulijua giza lililowapata wazazi wake. Asiposimuliwa nyumbani, hulitafuta katika nyumba ya video, na huko hupewa vita isiyo na harufu, wala yatima, wala njaa ya njiani.

Kwa hiyo, enyi wazazi, hatuwaambii mfungue vidonda vyote mbele ya watoto. Twasema: simulieni kidogo kidogo, kwa kadiri moyo uwezavyo. Nanyi vijana, mkimwona mzee akitoka video ikianza, msimcheke. Mfuateni nje, mketi naye.

Jioni ya pili tulimwona yule mzee ufukoni, akirekebisha wavu. Mwanawe alikuwa ameketi karibu, ameshika ncha ya pili. Mzee alikuwa akisema polepole, na mwana alikuwa hacheki.