Tao la Jangwani na Timbo la Ruiru

Ukisafiri kutoka Ruiru kwenda Thika utaona nyumba nyingi za mawe yaliyochongwa katika matimbo ya Juja na Ndarugu. Mawe hayo ni jivu la volkeno la kale lililoshikamana likawa gumu. Lakini ukuta wa timbo ukichimbwa kwa chini, huweza kuporomoka kwa siku moja. Je, matao ya mawe ya jangwani, yasiyo na fundi wala saruji, husimama vipi kwa maelfu ya miaka?

Hebu twende Ennedi, kaskazini mwa Chad. Huko kuna tao la Aloba, lenye kimo cha mita 120 hivi. Ni la mawe ya mchanga, yaani chembe za mchanga zilizogandamana. Maji ya mvua hupenya nyufani na kulegeza chembe hizo, nayo chumvi huzidi kuzibandua. Huanguka moja moja, mpaka mwamba ukatoboka.

Mbona basi lisianguke lote? Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Charles, Prague, wakiongozwa na Jiri Bruthans, walieleza siri yake. Chembe zinazobeba uzito wa mwamba hubanwa zikashikana, hata maji hayaziondoi kwa urahisi. Zisizobeba mzigo ndizo huchukuliwa. Kinachobaki ni nguzo.

Sululu haichagui hivyo. Hung'oa hata jiwe linalobeba mengine yote, na mvua ikinyesha, ukuta humwangukia mchimbaji.

Hata matao yenyewe hayadumu milele. Mwaka 1991 kipande kikubwa kilimeguka kutoka tao liitwalo Landscape Arch huko Utah, Marekani, na njia iliyopita chini yake ikafungwa. Mwaka 2008 tao jingine la hapo hapo, Wall Arch, likaanguka kabisa.

Basi mzazi, likizo ya Aprili ikija na mvua zake, uliza watoto wanachezea wapi. Nawe kijana unayetafuta riziki timboni, usichimbe chini ya ukuta ulioinama juu yako, hata kama jana ulisimama imara. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.