Mdudu Aliyejificha Kwenye Lebo

Kila kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua, swali ni lile lile: je, Mwislamu anaruhusiwa kula wadudu? Kuhusu nzige hakuna mjadala, kwani Hadithi za Mtume zimewahalalisha, hata bila kuchinjwa. Wadudu wengine ni haramu kwa madhehebu ya Shafi, ambayo yana wafuasi wengi katika pwani yetu. Madhehebu ya Maliki huwaruhusu kwa masharti.

Hata hivyo, anayekula kumbikumbi anajua anachokula. Hatari kubwa kwa mkaazi wa mjini ni mdudu asiyeonekana.

Chukua mtindi wa rangi ya waridi au peremende nyekundu, kisha usome yale maandishi madogo. Ukikuta E120, fahamu kuwa hiyo ni rangi inayotokana na kochinili, mdudu mdogo aishiye kwenye mpungate, na ambaye huvunwa kwa wingi nchini Peru. Wadudu hao hukaushwa na kusagwa, kisha rangi ikatolewa.

Maulamaa wametofautiana kuhusu rangi hii. Mwaka wa 2011, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kwamba ni halali maadamu haidhuru, likimlinganisha mdudu huyo na nzige. Wengine wanaikataa. Si kazi yangu kuwaamulia, lakini nashangaa mlaji atachaguaje asichokijua.

Isitoshe, jambo hili si la dini pekee. Kuna watu ambao rangi hii huwaletea mzio: ngozi huvimba na kuwasha, na wengine hupumua kwa shida. Ndiyo maana Marekani, tangu 2011, inawalazimisha watengenezaji kuitaja kwa jina kwenye vyakula. Herufi moja na nambari tatu hazimwambii lolote mama anayemnunulia mwanawe peremende dukani.

Watengenezaji na waagizaji wa vyakula hapa nchini waandike waziwazi: rangi itokanayo na wadudu. Maneno hayo machache yatamfaa Mwislamu anayechunga dini yake na mgonjwa anayechunga afya yake.

Kwa sasa, msomaji, soma lebo kabla ya kulipa. Ukiwa na shaka, muulize shehe wako. Na ukivimba baada ya kula, mwone daktari upesi, na pakiti ile uende nayo.