Wapeni Vijana Fedha Wapime Maji ya Kajiado

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Kitengela, chota kikombe cha maji ya kisima uyatazame juani. Ni maji safi kwa macho, hayana tope wala harufu. Sasa mwambie mtoto aliyelelewa kwa maji kama hayo acheke. Huenda ukaona meno yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa.

Madoa hayo hayaletwi na uchafu. Yanaletwa na floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano iliyo chini ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa na viunga vyake, Kajiado ikiwemo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hushika mifupa na viungo. Wala usijidanganye kwamba utachemsha. Moto huua viini vya magonjwa, lakini floraidi hubaki, na maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea.

Tatizo ni kwamba visima havifanani. Cha jirani kinaweza kuwa salama na chako kikawa na madhara. Kuujua ukweli kunahitaji mtu wa kupima kisima baada ya kisima, kiangazi na masika, mwaka baada ya mwaka. Hiyo si kazi ya mshauri anayefika asubuhi, akajaza chupa moja na kurudi Nairobi adhuhuri. Ni kazi ya mtafiti kijana anayelipwa ili akae.

Vijana hao tunao. Vyuo vikuu vyetu hutoa wahitimu wa sayansi ya mazingira kila mwaka. Kinachokosekana ni ufadhili wa kuwashika mkono baada ya shahada, wakati ambapo mtu ana ujuzi lakini hana jina wala maabara. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuagiza ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Fedha zilizotolewa hazijawahi kukaribia kiwango hicho.

Wako watakaosema pesa zichimbe visima kwanza, maana watu wana kiu. Kweli, watu wana kiu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 Kajiado, na ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Lakini kuchimba bila kupima ni kumtibu mgonjwa bila kumwuliza anaumwa wapi.

Tena dawa yenyewe huenda iko mlangoni petu. Kule Nakuru, dayosisi ya Kanisa Katoliki ilitengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambavyo hunasa floraidi. Mifupa Kajiado haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo! Ila isipochomwa vyema maji hunuka, na kichujio huchoka kikahitaji kubadilishwa. Nani atakayetuambia kimechoka lini, kama hatuna wa kupima?

Pendekezo langu ni dogo. Serikali ya kaunti itenge ufadhili wa miaka miwili kwa watafiti vijana wachache, wakisimamiwa na chuo kikuu, na wazaliwa wa Kajiado wahimizwe kuomba. Sharti liwe moja: matokeo yasifungiwe kabatini, bali yabandikwe kwenye kila kisima kwa Kiswahili na Kimaasai.

Nawe msomaji una wajibu wako. Unaponunua maji, iwe ni mtungi au lori zima, mwulize mwenye kisima cheti cha kupimwa kwa floraidi. Mwakilishi wa wadi yako akija kuomba kura, mwulize ametenga nini kwa utafiti. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya maji safi na salama, na hakuna awezaye kusema maji ni salama kabla hayajapimwa.

Jino la mtoto likishaharibika ndani ya ufizi, halingoji bajeti ya mwaka ujao.