Mfumo Usiwe Kisingizio

Mwalimu wa Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda, anapotaka kulipia huduma ya Serikali leo halazimiki kubeba fedha hadi dirisha la mhasibu. Hupewa namba ya malipo, akalipa kwa simu au benki, na risiti ikatoka. Mfumo wa malipo ya Serikali uliofanya hayo yawezekane ulianza kutumika mwaka 2017, na hapana budi kukiri kwamba umepunguza sana urasimu.

Lakini ni vema watumishi wenzetu wakafahamu jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Mfumo wa taasisi hupeleka ombi kwa njia ya intaneti, likiwa na saini yake ya kielektroniki, kama vile barua ibebavyo mhuri. Mfumo wa malipo hujibu kwanza kwamba ombi limepokelewa. Namba yenyewe huja baadaye, kwa ujumbe mwingine, baada ya amri zilizoandikwa zamani na mtaalamu kujitekeleza zenyewe. Mwananchi akishalipa, taarifa hurudi kwa njia ile ile, na karani hakugusa jalada.

Basi kupokelewa si kutekelezwa. Taarifa ya malipo ikikwama njiani, mwananchi aliyekwisha kulipa huambiwa: "Mfumo bado haujasoma." Kauli hiyo sasa imechukua nafasi ya ile ya zamani, "jalada halionekani," na husemwa kwa utulivu ule ule.

Hatukubaliani nayo. Mfumo haukujiajiri; umewekwa na watu, nao hulipwa mshahara. Kila hatua ya ombi huweza kuandikwa katika kumbukumbu za mtambo, pamoja na saa yake. Mtumishi wa dirishani apewe uwezo wa kuzisoma, ili amweleze mwalimu yule ombi lake limekwama wapi na nani analishughulikia. Kumwambia ajaribu tena kunaweza hata kumdhuru, kwani amri isiyofundishwa kutambua ombi lililorudiwa huitekeleza kazi mara mbili, na mtu mmoja akajikuta na madeni mawili kwa huduma moja.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imekwisha kuweka mamlaka ya kusimamia mifumo hii. Kinachotakiwa sasa katika kila halmashauri ni ofisa anayejulikana kwa jina, mwenye kufungua kumbukumbu hizo kila asubuhi kabla foleni haijaanza.