Utepe Umekatwa, Mgonjwa Bado Anasubiri

Kila mashine ya MRI inapozinduliwa nchini, utepe hukatwa, hotuba husomwa, nasi hupiga makofi. Sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na dhana kwamba kununua mashine ndiko kutoa huduma.

Mfikirie kijana wa miaka 15 mwenye uvimbe karibu na goti. Katika umri huo, hapo ndipo osteosakoma, saratani ya mfupa, hujitokeza mara nyingi. Picha ya eksirei, kipimo cha bei nafuu, hutoa ishara ya kwanza ya hatari. Kisha MRI huonyesha uvimbe umeenea hadi wapi ndani ya uboho, na kama umegusa mishipa mikuu ya damu. Inapohitajika, mgonjwa hudungwa dawa yenye gadoliniamu: sehemu hai za uvimbe, zinazopitiwa na damu, hung'aa, zilizokufa hubaki na kiza. Hapo daktari hujua pa kuchukua kinyama cha kupima, asije akaokota nyama iliyokufa na kupata jibu lisilo na maana.

Utaratibu huu si anasa. Uvimbe ukikatwa kwa pupa kabla ya picha, seli za saratani zaweza kusambaa, na mguu ambao ungeokolewa ukapotea.

Lakini chupa ya dawa, kipimo cha figo kinachoitangulia, nauli ya rufaa na daktari bingwa wa kuisoma picha havikatiwi utepe. Ndiyo maana husahaulika kirahisi, na mzigo humwangukia mzazi.

Tutaambiwa kwamba si kila mgonjwa anahitaji dawa hiyo. Ni kweli. Basi na aamue daktari, usiamue mfuko wa mzazi.

Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mwaka 2023 Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kipimo cha ahadi hizo ni kijana yule wa goti.

Ndugu mtumishi wa umma, nawe mwanafunzi, utepe ujao utakapokatwa, ulizeni: dawa ipo? Msomaji wa picha yupo? Nani analipa? Makofi yasubiri majibu.